Siku Zangu Kumi na Nne za Mtumbwi

Jumatatu, 17 Julai 1905

Nimepata daftari. Banyani wa Kibiti alitaka kuku mmoja, nikampa. Kuku alikuwa wa dada Mwamvua, lakini hilo ni jambo la ndani ya ukoo. Kuanzia leo naandika maisha yangu. Nilisoma shule ya serikali Kilwa miaka miwili kasoro miezi kumi na sita, na mtu aliyesoma hafai kufa bila maandishi.

Basi: jina langu Mtoro bin Kondo, wa kivuko cha Ndundu. Marehemu baba alituachia mtumbwi mmoja mkubwa wa mvule, unabeba watu ishirini na mbuzi wawili. Warithi tuko watatu. Mimi, dada yangu Mwamvua, na Bi Tatu, mjane wa baba. Mtumbwi haukatiki vipande. Kwa hiyo Mwalimu Mwinyimvua, anayetusalisha hapa, alitugawia siku badala ya mbao. Katika kila siku ishirini na nne, tatu ni za Bi Tatu, saba za Mwamvua, kumi na nne zangu. Anayevuka siku yako, nauli yake ni yako. Ndivyo sheria ya mirathi ilivyotoka, nami sina ugomvi nayo hata kidogo.

Sasa ni siku zangu, mpaka tarehe ishirini na tatu. Leo wamevuka watu wanne na bata. Bata hakulipa.

Alasiri tarishi wa akida akapiga mbiu kivukoni. Serikali ya Mdachi inataka kodi ya pato. Kila apataye riziki kwa kitu kisicho jembe, kama chombo, minazi au duka, aende Alhamisi barazani kwa akida, ng'ambo ya kusini, akaandikishe kwa Karani Sadallah. Kitu kilichorithiwa kwa ubia, kila mrithi aandikishe fungu lake mwenyewe. Katika kila mafungu kumi, moja la serikali. Na hii ni mbali na kodi ya nyumba, rupia tatu, ambayo mwaka huu mimi nimeiahirisha.

Nimelala chali nikafikiri. Fungu langu ndilo kubwa kuliko yote. Kwa mara ya kwanza nimeona kwamba nimependelewa kupita kiasi.

Jumanne, 18 Julai

Ajabu! Tangu alfajiri kivukoni pamejaa watu. Wa Kibiti, wa Umwe, wengine sijui wametoka wapi. Wanaume, wanawake, vikongwe. Kila mmoja kashika kibuyu kitupu au kipande cha mwanzi. Wote wanakwenda Ngarambe kwa mganga. Kuchukua nini? Maji.

Nikawaonyesha mto. Nikawauliza haya si maji, tena tele, mpaka viboko wanaoga humo? Wakanitazama kwa huruma.

Nimevusha watu tisini na mmoja. Nauli ni kibaba cha mpunga kwa kichwa, au hela moja, au kuku kwa familia. Mpaka jioni nimejaza makanda matatu ya mpunga na nimefunga kuku saba. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nimeiona hatari. Siku mbili kabla ya kuandikisha pato, pato lenyewe linakuja mbio kunivamia ndani ya siku zangu! Na huyo Sadallah si mtu wa kuchezea. Ni mtu wa Bagamoyo, anahesabu hata chenga.

Nikapata shauri. Nikamwendea dada Mwamvua, nikamkuta anatwanga. Nikamwambia nimemwonea huruma, na watoto wake wanne. Namwachia siku zangu tano zilizobaki, azitumie, atanirudishia kodi ikishapita. Kuhusu watu nikasema wamekwisha, wale walikuwa wa hitma tu. Dada akaniuliza kama kweli nataka hivyo. Nikasema ndivyo ninavyotaka. Akamwita mumewe, Haruni, atafute kafi.

Huyu shemeji Haruni hasemi. Anavua kambale, anakula, anatazama. Simwamini mtu anayetazama namna ile.

Jumatano, 19 Julai

Watu mia moja na sitini! Nimewahesabu mwenyewe, nimekaa ukingoni kama fundo. Haruni kapiga kafi mpaka shuka imemganda mgongoni. Dada kapata kuku kumi na mmoja na beberu. Beberu! Siku yangu ya juzi nilipata bata, tena msafiri.

Sikukubali kukaa bure. Nikaazima vibuyu kumi kwa Bi Tatu, nikavijaza hapa hapa mtoni, nikavipanga njiani kabla hujafika kivukoni. Nikatangaza maji ya Ngarambe, yameletwa asubuhi, hela mbili, kwa nini uchoshe miguu? Mzee mmoja akaonja. Akasema yana tope. Nikamjibu dawa yoyote ya kweli ina tope. Mwanamke mmoja akauliza masharti yake ni yapi. Sikujua kwamba maji yana masharti. Nikasema sharti ni kulipa kwanza.

Wakanikimbiza mpaka migombani. Dada Mwamvua ndiye aliyewatuliza. Aliwavusha sita bure ili waache fimbo. Sasa vibuyu vipo vyote kumi, vimejaa, na Bi Tatu anavidai.

Alhamisi, 20 Julai

Siku kubwa. Tumekwenda barazani warithi wote watatu, na Mwalimu Mwinyimvua kuwa shahidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyegawa. Njia nzima natabasamu. Wazo lilikuwa limenijia tukiwa katikati ya mto. Kwa nini niandikishe siku tisa, ilhali naweza kuandikisha hakuna?

Bi Tatu akaandikisha siku zake tatu. Alitaja mpaka yai alilopewa na mpita njia mwezi wa Mei. Mwamvua akaandikisha saba zake, akaanza kueleza kwamba kuna tano nyingine za ndugu yake, amekopeshwa tu. Nikamkatiza. Nikamwambia Bwana Karani kwamba dada yangu ana haya, hapendi kujisifu. Siku zangu zote kumi na nne nimemwachia yeye, moja kwa moja. Mimi mtumbwi ule sina hata ubao. Ni mpiga kafi, nalishwa kwa huruma. Nikainamisha mabega kidogo.

Mwalimu akakohoa. Akasema, "Mtoro, una hakika?"

Nikasema nina hakika. Akaniuliza tena. Nikasema nina hakika mara mbili. Dada akafungua mdomo, nikamkanyaga kidole.

Karani akaandika. Mwamvua binti Kondo, siku ishirini na moja. Bi Tatu, siku tatu. Mtoro bin Kondo, hana kitu. Muhuri, puu! Dada akapewa cheti chenye maneno hayo hayo, akalipa fungu la serikali kwa kuku na mpunga, bila kunung'unika. Mimi sikutoa hata hela moja. Nilijiuma ulimi nisicheke.

Kisha karani akafunua ukurasa mwingine. Akauliza kodi ya nyumba yangu, rupia tatu. Nikamwambia Bwana, sina kitu, si umeandika mwenyewe sasa hivi? Akasema ndiyo, ameandika, na asiye na kitu hulipa kwa mikono. Siku ishirini na nane, shamba la pamba la serikali, Umwe. Kuanzia kesho.

Jumamosi, 22 Julai

Pamba ina miiba. Hakuna aliyeniambia. Watu wanasema pamba laini, laini. Laini ni ile iliyomo ndani, ganda lake linachana vidole kama paka. Naandika kwa kidole gumba na kidole kidogo.

Nyapara ana kiboko na hana masikio. Nimemweleza kwamba mimi kwa kweli ni mrithi, mwenye siku kumi na nne za mtumbwi. Akanitandika. Akasema daftari linasema huna kitu. Nikamwambia daftari linaweza kukosea. Akanitandika kwa niaba ya daftari.

Mstari wa pili kutoka kwangu yuko Mshamu, kijana wa Umwe, yeye na kaka yake. Nikichelewa, Mshamu huvuka mstari akanichumia, nyapara asione. Sikumwomba. Hukunjua uso tu akaendelea.

Jumatano, 26 Julai

Kuna mnong'ono shambani. Wakati wa maji ya kunywa, Mshamu kaniuliza pole pole kama nami nimekwenda kule kuchukua maji. Nikamwambia ninayo, vibuyu kumi nyumbani, na bei nimeshusha. Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akanieleza. Mtu akinywa maji ya Ngarambe, risasi ya Mdachi itageuka maji mwilini mwake. Nikamwuliza nani aliyejaribu. Akasema watajaribu.

Sikupenda alivyosema. Lakini nina mambo yangu. Dada amevusha watu mia kila siku, na zile za mpaka tarehe ishirini na tatu, ukiondoa maandishi, ni zangu. Leo usingizi mgumu. Nasikia kuku wa watu wengine hata wakiwa kimya.

Jumamosi, 29 Julai

Tumefika shambani asubuhi, pamba yote imeng'olewa. Shamba zima! Imelazwa mistari mistari, mizizi juu. Nyapara hayupo. Kiboko chake kipo, kimevunjwa vipande viwili na kuwekwa vizuri juu ya kichuguu.

Watu wamesimama ukingoni mwa shamba. Mimi nikauliza kama zile siku zangu nane zitahesabiwa.

Nimerudi nyumbani nikapaka mafuta vidole. Naona serikali imebadili shauri kuhusu pamba. Walikuwa na haki.

Jumatatu, 31 Julai

Naandika haraka maana leo nimeshinda. Nimeshinda kabisa!

Saa nane mchana, ng'ambo ya kusini, tukaona watu wawili wanapunga kilemba. Nyuma yao, mbali, moshi. Mwamvua na Haruni wakaenda na mtumbwi, nami nikarukia omo, mbele kabisa. Kumbe ni akida mwenyewe, kiatu kimoja mguuni, na Karani Sadallah! Vita. Watu wameshuka milimani, wamechoma, wanamtafuta kila mtu wa serikali. Sanduku la kodi wameliacha. Karani kaokoa daftari lake, wino na muhuri, amevikumbatia kama mtoto mchanga. Nauli hawana.

Tulipofika katikati ya mto nikainua upondo. Nikamwambia Bwana Karani, nauli si lazima iwe hela. Fungua daftari. Tukaanza kuchukuliwa na maji kuelekea kwenye kundi la viboko. Dada akasema niache mchezo. Haruni akatazama.

Karani akauliza nataka nini. Nikasema nataka haki yangu. Akauliza kumi na nne? Nilikuwa nataka kusema ndiyo. Wallahi nilikuwa nataka. Lakini mtu akikutana na karani aliye katikati ya viboko, atasema kumi na nne? Nikasema zote ishirini na nne. Akauliza tangu lini? Nikasema tangu Januari. Akaandika huku kalamu inaruka: mtumbwi wa Ndundu ni wa Mtoro bin Kondo, peke yake, siku zote, tangu Januari 1905. Muhuri. Nikateremsha upondo.

Dada hakuomba siku hata moja. Alitoa kile cheti chake kilichokunjamana, akamwomba karani aandike nyuma yake mstari mmoja tu, kwamba mtumbwi huu umemvusha akida na karani wake salama, leo tarehe hii. Karani akaandika, akapiga muhuri, akashukuru. Mstari mmoja! Wanawake hawajui kutumia nafasi.

Wamekwenda zao Kibiti kwa miguu, akida anachechemea.

Alhamisi, 10 Agosti

Sijawahi kuwa na siku kama hizi. Watu wanavuka kusini, wanavuka kaskazini, wamefunga mabua ya mtama kichwani, wana mikuki na magobore. Nimeweka bei mpya. Mtu hela moja. Mkuki nusu kibaba. Gobore kuku. Yule mganga wao sijui, lakini kwa biashara ni mtu wa baraka.

Mwamvua alikuja jana. Alitaka tuuzamishe mtumbwi kwenye matete mpaka mambo yapoe. Akasema Mdachi atarudi, na atauliza nani kavusha watu. Nikamwambia mwenye kivuko hana upande, ana pande mbili, hii na ile. Akaniuliza kama nacheka. Nilikuwa nacheka.

Bi Tatu naye alikuja kuuliza siku zake tatu. Nikamweleza kuhusu maandishi mapya. Hajui kusoma, na daftari analo karani, basi nikamsomea kutoka kichwani, na nilipofika kwenye Januari nikapunguza sauti. Alijifunga leso yake vizuri, akaondoka. Alinilea tangu nina miaka sita, huyu. Nimekula kuku wa leo lakini hakunipendeza sana.

Jioni nimemvusha Mshamu na kaka yake. Sikumtoza mkuki.

Jumatatu, 21 Agosti

Wanarudi. Wachache. Hawana mabua kichwani tena, na hawasemani.

Mshamu kavuka peke yake. Nilimwuliza kaka yuko wapi, upondo ungali mkononi, kama mjinga. Akasema maji yalikuwa maji tu. Akatafuta hela kiunoni anilipe. Nikamshika mkono. Vidole vyake bado vina makovu ya pamba ya mstari wangu.

Leo sijatoza mtu. Sitaki kuandika zaidi.

Jumatatu, 28 Agosti

Niko hai. Naanza na hilo.

Asubuhi wamekuja askari arobaini na afande Mdachi mmoja mwenye ndevu nyekundu. Na nani nyuma yao, amevaa kanzu mpya? Karani Sadallah, na daftari kwapani! Nikafurahi kuona daftari salama. Nikamsalimu kwa sauti.

Afande akauliza kwa mkalimani, mtumbwi uliovusha waasi ni wa nani? Watu wote wakatazama miguu yao. Karani akalamba kidole, akafunua, akasoma mbele ya watu: Mtoro bin Kondo. Peke yake. Siku zote. Tangu Januari.

Sijapata kusikia jina langu likisomwa vizuri namna ile. Hawakuniacha hata nifafanue. Kamba mikononi, na askari mmoja akaanza kuchagua mti. Alikuwa anachagua kwa makini, anapima tawi kwa kulivuta. Nilitaka kusema kwamba sikuvusha waasi, nilivusha abiria, lakini mkalimani naye alikuwa anatazama tawi.

Hapo akaja Mwamvua, na Bi Tatu, na Mwalimu Mwinyimvua, na Haruni nyuma. Dada kafungua pindo la leso, katoa cheti. Kampa mkalimani. Mbele: mtumbwi ni wa wanawake hawa wawili, Mtoro hana kitu, tarehe ishirini Julai. Nyuma: mtumbwi huu umemwokoa akida na karani wake. Mihuri miwili. Mwandiko wa Sadallah mwenyewe.

Afande akamtazama Sadallah. Sadallah akatokwa jasho. Angesema nini? Kwamba aligeuza daftari la Kaisari katikati ya mto kwa sababu ya viboko? Akasema ukurasa ule mwingine uliandikwa kimakosa, wakati wa msukosuko. Akauchana pale pale.

Mkalimani akamwuliza dada, na waasi je? Dada akajibu kwamba mwenye mkuki haulizi leo ni siku ya nani. Anakaa, unapiga kafi. Afande akawaza. Ana askari arobaini wa kuvusha, na kivuko ni kimoja. Akasema basi, huyu aseme mwenyewe, aape mbele ya Mwalimu. Je, ana fungu lolote katika mtumbwi ule?

Naandika ukweli, maana daftari ni langu. Nilisita. Kamba mikononi, mti umeshachaguliwa, nami nikawa nahesabu siku kumi na nne. Nikafikiri labda nikisema saba.

Mwamvua akanijia karibu mpaka nikasikia pumzi yake. Alikuwa analia. Akasema, "Mdogo wangu, sema huna. Mtumbwi utachongwa mwingine. Shingo haichongwi."

Nikaapa kwamba sina. Wakanifungua. Nilivusha askari wote arobaini, safari tatu, mimi na Haruni.

Jumanne, 29 Agosti

Nimelala mpaka adhuhuri. Bi Tatu kaniletea uji wa mchele na tui, akakaa mpaka nikamaliza. Nikamwomba radhi kwa zile siku zake tatu. Akasema anavitaka vibuyu vyake.

Jioni dada kaniita kwake. Kafungua ghala. Mpunga, makanda kwa makanda. Kuku ndani ya tenga. Beberu. Kanionyesha upande mmoja, akasema ule ni wangu. Ni pato la zile siku zangu tano za Julai, alilitenga kila jioni, baada ya kutoa fungu la serikali. Akasema mirathi kaigawa Mungu, hakuigawa Sadallah, na karani hawezi kuongeza wala kupunguza. Siku zangu kumi na nne ziko pale pale. Sharti lake moja tu. Mwakani nikaandikishe fungu langu kama lilivyo.

Nililia. Sioni haya kuandika. Nilimwambia dada Mwamvua mbele ya Haruni kwamba nimejifunza, kwamba hila zimekwisha, kwamba kuanzia sasa nitasema kilicho changu kuwa changu na cha mwenzangu kuwa chake. Haruni akanitazama. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, akasema neno. Alisema, "Haya."

Jumamosi, 2 Septemba

Tarishi kapiga mbiu tena. Kwa sababu ya vita, kodi ya nyumba imeongezwa. Kila mwenye nyumba rupia sita, badala ya tatu. Sita! Kwa nyumba yangu, yenye chumba kimoja na ukuta mmoja unaoegemea mwembe!

Nimefikiri, safari hii kwa utulivu, bila papara. Mtumbwi ni jambo jingine, nimemwahidi dada na nitatimiza. Lakini nyumba hakuna aliyeitaja. Bi Tatu ni mjane, na wajane wamesamehewa. Nyumba yangu ikiandikwa kwa jina la Bi Tatu, mimi nikawa mtu asiye na nyumba, mgeni anayelala kwake kwa hisani, sita itatoka wapi? Haitatoka popote. Ni wazo safi, na halimdhuru mtu.

Tarishi alikuwa bado anasema jambo kuhusu watu wasio na nyumba, na jeshi, na mizigo ya kupeleka Mahenge, lakini sikusubiri amalize. Nilikimbia niwahi mbele ya wengine. Sadallah alikuwa ameketi pale kivukoni na daftari jipya. Mwalimu Mwinyimvua akaitwa kuwa shahidi. Imeandikwa, imepigwa muhuri, puu.

Mwalimu kaniuliza kama nina hakika. Akaniuliza mara tatu. Sijui kwa nini watu wananiuliza swali hilo kila mara.